Picha ya Bi Fatu Iliyosubiri Dawa

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa korosho, mwanangu, nimekaa peke yangu chumbani kwa baba mkwe wangu pale Nachingwea, kamera yake kuukuu ya mbao nimeifungua vipande vipande juu ya mkeka, na furaha niliyokuwa nayo haisemeki. Laiti siku ile ningeumwa tumbo nikalala! Laiti mtu angeniita sokoni! Lakini hakuna aliyeniita, na mikono yangu ilikuwa haitulii.

Nikwambie mapema, ili usije ukasema bibi anakuzungusha. Ndani ya kamera ile kulikuwa na picha ya mama mkwe wangu, Bi Fatu, ambaye alikuwa ameshafariki. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa maishani mwake. Ilikuwa imeshapigwa lakini haijasafishwa, kwa hiyo ilikuwa gizani bado, inasubiri dawa. Nami nikaifungulia kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga huiunguza picha isiyosafishwa. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na mengine yote nitakayokueleza ni namna mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kufika hapo.

Mimi si mtu wa kusini, unajua. Nimezaliwa Morogoro, na baba yangu alikuwa mpiga picha mwenye studio na fundi wa kamera, akiletewa mashine mbovu kutoka huku na huku. Nimekua katikati ya skrubu na vipande vya ngozi. Wenzangu wakicheza kombolela, mimi nilikuwa nauliza hiki nini, na hiki je. Basi nikaolewa na Hamisi, mwalimu kijana kutoka Nachingwea, nikaletwa kwao. Kufika, nikamkuta baba yake, Mzee Bakari, naye ni mpiga picha! Nikaona Mungu amenipenda. Kumbe ndiyo nilikuwa naingia mtihani.

Wakati huo watu wameshazoea kamera ndogo za filamu, na Mzee Bakari alikuwa nayo moja ya kupigia picha za vitambulisho. Ile ya mbao ilikaa chumbani kwake imefunikwa shuka, juu ya miguu yake mitatu. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilikaribia kulia. Ilikuwa kitu kizuri, mwanangu. Sanduku la mbao lenye pembe za shaba, mbele lenzi ya shaba, nyuma kioo cha ukungu ambacho mpiga picha hutazamia akiwa amejifunika kitambaa kichwani, na katikati ile ngozi ya mikunjo inayovutika na kurudi kama kodiani.

Baba yangu alinifundisha kuzitambua kamera za namna hii, maana nyingi zimeshapoteza kile kibati cha jina la aliyezitengeneza. Alikuwa akinifumba macho kwa leso, ananipa sanduku nilipapase. Kwanza mbao. Zile walizozitengeneza kwa ajili ya nchi za joto zilikuwa za mtiki, na pembe zake zimekazwa kwa shaba ili gundi ikiyeyuka sanduku lisiachane. Halafu ngozi. Nyekundu inayonukia ukali fulani iliwekwa kwa sababu wadudu hawaipendi. Halafu unatazama sanduku linavyojikunja, mbele kwanza au nyuma kwanza, na skrubu kama zimepangwa kichwa upande mmoja. Na kama hayo yote hayakutosha, alisema, tafuta namba. Mafundi wa zamani walipiga namba ya sanduku ndani ya vikasha, vile vikasha vyembamba vya mbao ambavyo kioo cha picha, kile kinachofanya kazi ya filamu, hukaa ndani yake kabla ya kuchomekwa nyuma ya kamera. Vikasha vyenyewe vinafunguka kama kitabu. Namba iko kwa ndani, na ukiipata hiyo umemjua mwenye mali.

Sasa Mzee Bakari alikuwa akisema kamera yake ni ya Mjerumani. Alipewa na mzungu mmoja mpima ardhi, zile siku za mashamba ya karanga, na mzungu huyo alimwambia kwa mdomo wake kwamba ni kazi ya Kijerumani. Mimi nimeitazama mara moja tu nikajua sanduku lile ni la Kiingereza. Mtiki, shaba pembeni, ngozi nyekundu, kila kitu! Ningenyamaza basi? Aa wapi. Mkwe wa watu, sijamaliza hata mwaka, nikamwambia, "Baba, hii Mwingereza."

Akacheka. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anazungumza polepole kwa sababu Kimwera ndicho kilichokuwa cha kwanza kinywani mwake. "Mkwe wangu, hii Mjerumani. Mie nimekaa nayo tangu huyo mumeo hajazaliwa."

"Mwingereza, baba."

"Haya. Siku utakayonionyesha, nitakuchinjia jogoo."

Ukawa utani wa nyumba nzima. Akirudi kutoka shamba la Naipingo ananisalimia, "Mwingereza hajambo?" Nami najibu, "Mjerumani anakusalimu." Hamisi alikuwa akinikonyeza nipunguze, maana huku kwao mkwe na baba mkwe hawataniani hivyo. Lakini mzee mwenyewe alikuwa anafurahi, na nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu Bi Fatu aondoke. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilidhani wanacheka kwa sababu mimi ni hodari.

Na hapa ndipo nijilaumupo. Miaka ile dhiki ilikuwa imetushika kweli kweli. Sabuni foleni, sukari foleni, dawa za kusafishia picha ndiyo usiziseme. Mzee Bakari alipata kidogo kidogo za filamu, za watu wa vitambulisho, lakini dawa nzuri ya vioo alikuwa hana kwa miaka. Kuipeleka kazi yake Mtwara au Dar hakuthubutu, kwa sababu njiani mabasi yalikuwa yanasimamishwa, mizigo inapekuliwa na kila kifurushi kinafunguliwa. Aliponiomba nimwandikie baba yangu Morogoro amtafutie, nikaandika siku ileile. Nilijua anasubiri dawa. Sikuwahi kumuuliza anaisubiri ya nini. Niliona tu mpiga picha anataka dawa, kama mpishi anavyotaka chumvi.

Palikuwa na mtoto pale nyumbani, Somoe, wifi yangu wa mwisho, bado mdogo wa kuanza shule. Mama yake alimwacha hajajua kutembea vizuri. Akawa ananifuata jikoni ananiambia, "Wifi, mama yangu yumo mle chumbani. Yumo kwenye sanduku. Baba atamtoa." Mimi nikamkumbatia, nikamwambia mama yuko kwa Mungu, usiseme hivyo. Nikamhurumia kwamba majonzi yamemzidi. Mtoto alikuwa ananieleza habari kamili, neno kwa neno, nami namfuta kamasi!

Haya, ile asubuhi. Wanaume wako shambani wanaokota korosho, Somoe yuko kwa majirani. Nikaingia kufagia chumba cha mzee, nikaifunua kamera kufuta vumbi, shetani akaniambia: namba. Nikaishusha kwenye mkeka. Vikasha vilikuwa vitatu. Viwili vilikuwa vitupu, nikavifungua, namba imeliwa na mchwa haisomeki. Cha tatu kilikuwa kimechomekwa mahali pake nyuma ya kamera, na kimefungwa utepe wa kaniki, fundo juu ya fundo.

Mwanangu, ukikaa huku utaona kaniki imefungwa kwenye mikorosho, kwenye mlango wa ghala, kwenye mkono wa mtoto mchanga. Mimi mtu wa mjini, nimesoma madrasa nikasoma na shule, nilikuwa na dharau na mambo hayo. Nikasema moyoni, baba mkwe naye, hata kamera ameizindika! Nikacheka peke yangu. Nikafungua mafundo kwa meno.

Ndani mlikuwa na kioo, kimekaa sawasawa, uso wake mweupe wa maziwa. Nilishtuka kidogo, sikatai. Baba yangu alikuwa akiona mtu anafungulia mwanga kioo cha picha anamtoa studio kwa fimbo. Lakini nikajipa jibu upesi. Nikasema hiki kizee, kimeshakufa siku nyingi, kimesahaulika humu. Kwetu studio kioo kikishapigwa hakilali kwenye kikasha, kinahamishiwa boksi lake siku ileile. Kwa hiyo hakiwezi kuwa na kitu. Nikakigeuza dirishani ili nione vizuri, na namba ilikuwepo, chini yake, imepigwa vizuri kwenye mtiki, na herufi za Kiingereza pembeni. Nikapiga kigelegele kidogo, peke yangu. Nikarudisha kila kitu, nikaufunga utepe.

Sikumwambia mzee siku ile. Nilitaka nimwambie mbele za watu, jogoo asije akanikwepa.

Haikupita wiki, kaka yangu akaja kutoka Morogoro na dawa. Ungemwona Mzee Bakari! Alizishika zile chupa kwa mikono miwili, akaenda kukaa uani peke yake. Kisha akampeleka Hamisi kwa baiskeli mpaka Nkowe, kule Ruangwa, akamlete mama mzazi wa Bi Fatu, bibi mzee sana, ili aje amwone mwanawe. Ndipo nikaambiwa kuna picha ya Bi Fatu, kwamba alikuwa na haya nyingi hakutaka kupigwa picha hata siku moja, mpaka baada ya kumzaa Somoe akakubali mara moja, na mzee akatumia kioo chake cha mwisho. Nikafurahi pamoja nao. Nikadhani kioo hicho kiko kabatini, kwenye maboksi. Wallahi, mwanangu, nilipika pilau siku ile naimba.

Bibi akafika kwenye keria ya baiskeli, amefunga kanga mpya. Baada ya sala ya adhuhuri tukala wote barazani. Mzee Bakari alikuwa amekwisha ziba madirisha ya chumba kwa magunia ya korosho. Nikaona wakati wangu ndio huu, watu wamejaa na mzee ana furaha. Nikasema, "Baba, kabla hujaingia, naomba jogoo wangu. Nimepata ushahidi. Hii Mwingereza, namba yake nimeiona."

Akacheka. "Namba? Umeiona wapi, mkwe?"

"Ndani ya kikasha."

"Kikasha kipi?"

"Kile chenye kaniki."

Nilikuwa bado natabasamu. Nikamwona Hamisi ameweka tonge chini. Mzee Bakari hakukunja uso, akauliza kwa sauti ileile ya polepole, "Ulikifungua gizani?"

Nikageuka nikatazama dirisha la chumba chake. Sasa nilijua kila kitu kwa mara moja: kaniki, na maneno ya Somoe, na ule weupe wa maziwa. Bibi wa Nkowe hakusikia vizuri, akawa anauliza kwa Kimwera kuna nini, kuna nini. Hakuna aliyemtafsiria.

"Twende," mzee akasema. "Labda Mungu."

Tuliingia watatu, yeye, mimi na Somoe, kwa sababu alikuwa amemwahidi mtoto kwamba atamwona mama yake anavyotoka. Taa nyekundu, karai la dawa, magunia dirishani. Mzee akafungua kikasha, akakilaza kioo kwenye dawa, akaanza kulitikisa karai taratibu. Somoe ameshika ukingo wa meza kwa vidole. Akawa anasema, "Mama, njoo. Mama, njoo." Sitaki kukueleza sana. Kioo kilianza kuwa cheusi pembeni, weusi ukaingia katikati, ukaenea wote, ukasimama hapo. Hakikuwa na uso, wala kanga, wala mkono. Mzee aliendelea kulitikisa karai muda mrefu baada ya mambo kuisha.

Nikaanguka magotini. Nikasema yote, sikumbuki hata niliyasemaje. Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiosha vyombo nayasikia:

"Mkwe wangu, ulitaka sana kujua sanduku limetoka wapi. Hukuniuliza limebeba nani."

Basi. Hakunitukana, hakumwambia Hamisi anirudishe kwetu. Baadaye, siku nyingi baadaye, tulipotazama lenzi pamoja, tukakuta imeandikwa Kijerumani. Sanduku la Kiingereza, lenzi ya Kijerumani, wazungu waliziunganisha hivyo mara nyingi. Wote wawili tulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Alinichinjia jogoo kweli, mzee wa watu, akakaa na mimi tukala. Nilikula ili nisimvunjie heshima. Utani hakuurudia tena. Mpaka alipofariki alinisalimia vizuri, akaniombea dua kwa kila mtoto niliyezaa, ila lile neno Mwingereza halikumtoka mdomoni tena.

Bibi wa Nkowe, alipofafanuliwa, aliomba apewe kile kioo. Tukamwambia bibi, hakina kitu. Akasema kwa Kimwera, Hamisi akanitafsiria: "Hata kama haonekani, si alikaa mbele yake?" Akakifunga kwenye kanga yake mpya, akapanda keria ya baiskeli akarudi nacho Ruangwa. Nadhani alizikwa na kanga ile.

Jioni ya siku ile ya picha, watu wametawanyika, nilikuwa jikoni napembua mchele ambao hakuna aliyeutaka. Somoe akaja akakaa karibu yangu sana, akaninong'oneza ili wengine wasisikie.

"Wifi. Wewe si ndiye uliyemfungulia? Mama alikuwaje?"

Nikamwambia, "Somoe, sikumwona. Kilikuwa cheupe tu."

"Alivaa nini?"

"Wallahi sikumwona, wifi yangu. Picha ya namna ile haionekani mpaka iingie kwenye dawa."

Akanitazama. Mtoto alikuwa anajua jambo moja tu: mama yake alikuwa ndani, mlango ukafunguliwa, mimi nikachungulia, na baada ya hapo hakuwemo tena. Hakulia. Akanipigapiga goti kama mtu mzima anavyombembeleza mwenziwe, akasema, "Haya. Siku ukitaka, utaniambia."

Mwanangu, Somoe sasa ni mama wa watu, anakaa Ruangwa, ana wajukuu. Dawa na vioo na mwanga anavielewa, nimemweleza mara nyingi. Lakini kila tukikutana, kwenye harusi, kwenye msiba, kuna wakati tunabaki wawili, anaacha kuzungumza, ananitazama usoni, anangoja. Nami sina la kumpa.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayependa kujua vitu, maana nimekuona, una mikono kama yangu. Kujua si vibaya, baba yangu hakukosea kunifundisha. Lakini ukiingia nyumba ya watu ukakuta kitu kimefungwa, usikimbilie kukijua kimetengenezwa na nani na kina umri gani. Mtafute mwenye nacho, umngoje arudi shamba, umwulize: humu mna nini, mnamtunzia nani? Ukiona fundo la mtu usiyemwelewa, usilidharau, hujui limezuia nini. Na mtoto mdogo akikwambia mama yangu yumo mle, acha ulichoshika, mshike mkono, umwambie nionyeshe.

Nenda sasa, kabla jua halijawa kali. Mungu akupe macho ya kuona mtu kwanza na kitu baadaye. Akupe mikono inayojua kusubiri. Na mtoto wa mtu asije akakukalia jikoni, akakuuliza swali ambalo wewe mwenyewe umeliua jibu lake. Amina, mwanangu. Amina.